Baba, Yusufu wa Mabenchi Magumu

Mwaka umezunguka, Baba, tangu Jumanne ile ulipotuaga. Ulituaga kwa namna yako: uliomba chai, ukasema sukari haitoshi, ukafumba macho kabla hatujarudi na kijiko. Mama analalamika mpaka leo. Anasema mtu mstaarabu hunywa kwanza chai aliyoiagiza, ndipo aondoke.

Tunaandika haya uyasikie wewe. Majirani, wateja wako na ndugu wa kanisa letu dogo la Kimethodisti watasikilizia pembeni, kama walivyozoea. Ukuta wa jikoni kwetu ni mwembamba.

Ulikuwa fundi viatu miaka thelathini na minane, kwenye kibanda kile kile, nyundo ile ile, mpini tu ndio ulioubadilisha. Mtu akikuletea kiatu kimoja, ulimvua na cha pili ukakikagua, ukakitia uzi bila kuulizwa. Ulisema hao ni pacha, haiwezekani mmoja awe mzima na mwenzake mgonjwa. Watu uliwajua kwa soli kabla ya sura. Mchungaji alipopanda mimbarani, wewe ulimwangalia miguuni, ukamnong'oneza Mama, "Wiki hii amezunguka mno, kisigino cha kushoto kimekwisha. Mahubiri ni mafupi leo." Na kweli yalikuwa mafupi.

Kanisani ulikuwa mzee wa ushirika. Kazi hiyo ni chai baada ya ibada, kutembelea wagonjwa, na kila kilichokuja na majira yake: Ibada ya Agano mwezi wa kwanza, ibada ya alfajiri ya Pasaka, Jumapili ya Mavuno, igizo la Krismasi. Tulikuwa watu thelathini na wanne, pamoja na wale wanaokuja mvua isiponyesha. Siku ya Mavuno wenzako walileta maboga na mahindi. Wewe hukuwa na shamba, kwa hiyo ulileta jozi ya viatu vyeusi ulivyovishona mwenyewe, ukaviweka mezani katikati ya maboga. Mchungaji alipofika hapo kwenye maombi alisita, akameza mate, akamshukuru Mungu kwa mazao ya kila aina. Mwishowe viatu vile alivivaa yeye. Vilimkaa sawasawa. Ulikuwa umempima kwa macho miezi miwili.

Uliimba besi. Mwalimu wa kwaya alikuwa akisema unaimba besi nzuri sana, ila ya wimbo mwingine.

Sasa, Baba, kuna jambo ambalo kila anayekuja kutupa pole hulirudia, nasi tungependa lisimuliwe jinsi lilivyokuwa, maana mtaani limeshatiwa chumvi hata halitambuliki. Ni habari ya mabenchi.

Mjomba, mdogo wake Mama, seremala, alilitengenezea kanisa mabenchi kumi na mawili kwa mbao zake na jasho lake. Kwa kutazama yalipendeza. Lakini pa kuegemea palisimama wima kama ukuta, na ubao wa kukalia ulikuwa mwembamba, mtu mzima akikaa, nusu yake hubaki hewani. Kwenye mkutano wa kanisa, walipofika kwenye mengineyo, ulinyanyuka ukasema, "Mabenchi haya yanawafaa watu wasio na mgongo."

Watu walicheka. Mjomba hakucheka. Alichukua kofia yake, akatoka, na kwa miaka mitatu hakukanyaga nyumbani kwetu. Kanisani alikuja kila Jumapili, akaketi benchi la nyuma, amenyooka kama msumari, saa mbili nzima bila kujitikisa, ili uone kwamba yanakalika.

Iliuma, na ilikuuma wewe pia, ingawa hukusema. Jumapili mchana Mama alitoa sahani ya mdogo wake kwa mazoea, akashtuka, akairudisha kabatini. Wewe hukushika kijiko mpaka mlango wa kabati ufungwe. Tulikuuliza kwa nini usimwombe radhi yakaisha.

"Radhi ya nini? Mabenchi ni magumu," ulisema, ukamtazama Mama. Mama akatazama sufuria. Sisi tukajua wewe ni mbishi tu.

Kisha ikaja barua. Mwangalizi wa makanisa yetu aliandika kwamba angetutembelea Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, aone kama kuna haja ya sisi kuendelea peke yetu au tuunganishwe na kanisa kubwa la mjini. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Mlango wetu ungefungwa, na wazee wasioweza safari wangebaki nyumbani na redio. Kamati iliamua mgeni apewe igizo la kuzaliwa kwa Yesu, apate kuona tuko hai. Shida ilikuwa watoto. Tulikuwa nao wanne, na wawili walikuwa wananyonya. Ikabidi wacheze watu wazima.

Kugawa nafasi alipewa Mama. Mariamu akawa mkunga wetu mstaafu, mwenye miaka sabini na mmoja na nyonga mbovu. Yusufu akawa wewe. Mwenye nyumba ya wageni, yule wa kuwafukuza mlangoni, akawa Mjomba.

Uliposoma ile karatasi ulivua miwani. "Mama watoto, majina mengine yamekwisha?"

"Jukwaa linataka mlango," Mama akajibu. "Mlango ni wa kutengenezwa na seremala. Ukikwama siku hiyo, wewe utaufungua?"

Mazoezi yalikwenda wiki nne. Wewe ulibisha hodi, ukauliza kama kuna nafasi. Mjomba akajibu, "Hakuna nafasi," kwa moyo wake wote. Basi, kila mtu akashika njia yake. Hamkusemezana neno lolote ambalo halikuandikwa. Aliyetupa kazi ni mkunga. Alipofungwa mto tumboni aliushusha mara tatu, akatwambia mimba ya miezi tisa haikai kifuani, na kwamba kama hatujui tumuulize aliyezalisha nusu ya waliomo humu ndani.

Siku ikafika. Mwangalizi aliketi benchi la mbele, na daftari lake. Uliingia na fimbo, umevaa shuka, mkunga kakushika mkono anachechemea vizuri kabisa bila kuigiza. Ukabisha. Mjomba akafungua.

"Ndugu, kuna nafasi? Tumetoka mbali, na mke wangu ni mjamzito."

Mjomba alikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Hakuyasema. Alikutazama. Tukadhani amesahau. Mama, aliyekuwa nyuma ya pazia na maandishi, akanong'ona, "Hakuna nafasi."

"Nimekusikia, dada," Mjomba akasema kwa sauti. "Nafikiria." Kisha akakugeukia. "Nafasi ipo. Ila humu ndani watu hukalia mabenchi yangu. Utayaweza?"

Mwangalizi akafunua nakala yake ya igizo, akatafuta maneno hayo, asiyaone.

Ulisogea karibu naye. "Shemeji, hapa tuko Bethlehemu."

"Hata Bethlehemu watu hukaa."

Baadaye ulituambia kwamba pale ulitaka kusema maneno uliyokuwa nayo tangu mwaka wa kwanza, ila ulikuwa umeyaandaa ya kusemea uani kwetu, si mbele ya mwangalizi. Hata hivyo uliyasema. "Niliwafanya watu wakucheke mbele ya kanisa. Kwa hilo nisamehe. Nilikosa."

"Na kwamba ni magumu?"

Ulifikiri. Ungeweza kudanganya, Baba, mambo yakaisha. "Hapo siwezi, shemeji. Ni magumu."

Mwangalizi, maskini, alikuwa amekaa dakika hamsini. Wakati ule ule akajisogeza upande wa pili, akashika kiuno, na watu wote wakamwona. Mjomba naye akamwona.

"Nyinyi wanaume," mkunga akasema, "mimi nina miezi tisa na nyonga inaniwaka. Malizeni, au nizalie hapa mlangoni."

Hapo ndipo pazia lilipofunguka, akatoka Mama. Hakuwa na vazi la igizo, alikuwa na miwani na karatasi mkononi.

"Mgongo unaouma ni wangu," alimwambia mdogo wake. "Nilikuwa siwezi kumaliza ibada. Nilimtuma aseme, nikamkataza asinitaje. Sikumtuma aseme vile alivyosema, lakini kutuma nilituma. Kisha nikanyamaza miaka mitatu, kwa sababu nilipokuona unavyoyapangusa mabenchi yale nilishindwa. Wewe nilikubeba kwa mgongo huu huu."

Mjomba alimtazama sana. "Ungeniambia tu, dada. Ningepalaza pa kuegemea."

"Najua."

Akakugeukia wewe. "Na wewe ukakubali tu? Miaka mitatu nakununia, hata kujitetea hukujitetea?"

"Nimeoa dada yako, shemeji," ulisema. "Unamjua."

Kicheko kilichotoka pale kilianzia kwa Mjomba mwenyewe. Alipoweza kusema tena alijifuta uso kwa kofia, akasimama kama mwenye nyumba ya wageni anavyopaswa, akatangaza, "Humu ndani hakuna nafasi. Lakini zizi lipo, na godoro nitaleta mimi." Akamshika mkunga mkono wa pili, mkamwongoza mpaka zizini, jambo ambalo halikuandikwa popote. Mama akarudi nyuma ya pazia. Igizo likaendelea hadi mwisho, na ulipoimba besi yako hakuna aliyekusahihisha.

Wakati wa chai mwangalizi alikaribishwa kiti, akashukuru, akasema atasimama tu. Barua yake ilifika siku chache kabla ya Ibada ya Agano. Aya ya kwanza ilisema tuendelee, kwa kuwa ameona watu wanaojuana. Aya ya pili ilihusu mabenchi.

Jioni ile ya igizo Mjomba alikula kwetu. Hamkuzungumza mambo makubwa. Mlibishana kuhusu gundi: yeye akitetea ya mbao, wewe ya viatu. Ubishi huo mliuhamishia kanisani Jumamosi zilizofuata. Yeye alipanua ubao na kulaza pa kuegemea, wewe ulishona mito ya ngozi, na kila benchi likiisha Mama aliketishwa kulijaribu, kitabu cha nyimbo mkononi, wimbo mzima wenye beti sita. Watu walikuja kuwatazama. Walioleta maneno walipewa msasa. Ikabidi kuwe na chai Jumamosi pia, na ndugu saba walioanza kwa kuja kuangalia ugomvi wa gundi sasa ni washiriki kamili. Mmoja ni mwalimu wa udereva, na anaimba besi ya wimbo wenyewe.

Mlimaliza mabenchi tisa, kisha kifua kikakuangusha. Mjomba alikuja kila siku kukupa habari. Ulikuwa hoi kitandani, lakini mgeni akiingia ulimwambia avue viatu, na sisi tukadhani ni kwa ajili ya usafi, kumbe ulikuwa unakagua soli.

Mambo mawili hukuyaona, tukuambie.

La kwanza, jeneza lako alilitengeneza Mjomba. Alipolimaliza alilala ndani yake pale karakanani kulijaribu, akatulia kitambo akilipima bega la kushoto, kwa sababu wewe hulalia upande huo. Akaingia mteja kuulizia kabati lake. Kabati lile bado lipo karakanani, mteja hajarudi kulichukua. Bega la kushoto liliongezwa vidole viwili.

La pili, mabenchi matatu yaliyobaki yamekwisha. Ngozi uliiacha umeshaikata, lakini Mjomba hajui kushona, na sisi wanao ulitusomesha mambo mengine. Ameshona mkunga. Anasema ngozi ni ngozi, na kwamba hii angalau haipigi kelele. Mshono wake, Baba, ni mzuri kuliko wako. Utatusamehe.

Krismasi iliyopita igizo halikuwapo. Hakuna aliyekuwa na moyo nalo. Mwaka huu mazoezi yameanza, na Yusufu alikosekana, wanaume sita waliulizwa, kila mmoja akasema hataki kusimama mlangoni pale mbele ya Mjomba. Jumamosi iliyopita Mama akasema, "Nipeni fimbo." Tukampa. Akavaa shuka lako, limemzidi, akalishika kwa mkono mmoja. Akabisha hodi.

Mjomba alifungua mlango, akamwona dada yake amevaa vile. Akafungua kinywa, maneno yake mawili yakakataa kutoka. Mama naye alikuwa na swali la kuuliza, hakuliuliza. Walisimama hivyo, mmoja huku, mmoja huku, hadi mkunga alipoutoa mto tumboni akasema, kwa leo inatosha, twendeni tukanywe chai.

Jumapili hii, baada ya ibada, tutasoma jina lako kanisani. Atakayependa kuja na aje. Atakaa vizuri.

Tunaokukumbuka ni sisi: mke wako, ambaye bado anaongea nawe akiwa jikoni na kujijibu mwenyewe, wanao watatu: binti mwalimu aliyeandika haya, fundi umeme aliyeyasahihisha, na kitinda mimba aliyelia akashindwa kusaidia, wakwe zako wawili, wajukuu saba wa huku na wa mbali, wote na viatu ulivyowashonea vikubwa makusudi ili wavikulie, shemeji yako seremala, mkunga, na ndugu wote wa kanisa, ambao sasa ni arobaini.

Kukusahau hatuwezi, Baba, na hata tungeweza, Mama asingeturuhusu.