Kabureta Yangu na Kabureta ya Mama Mkwe

Jumamosi, 6 Aprili
Shemeji kaja na habari zake. Amepata mnunuzi wa chuma chakavu, atakuja Jumapili ya wiki ijayo kuibeba pikipiki ya marehemu baba mkwe. Mwaka wa tatu huu imekaa ukumbini, tunaipita kiubavu kama mgeni asiyeaga. Mimi moyoni: afadhali! Mama mkwe akaweka kikombe chini. Akasema pikipiki nzima haiuzwi kwa kilo. Shemeji akajibu kwamba nzima gani, wakati haiwaki.
"Itawaka," Mama akasema, halafu akanitazama mimi.
Mimi! Msusi wa nywele! Na mume wangu yuko safarini kikazi, hata wa kunitetea sina.

Jumapili, 7 Aprili
Nimepiga kiki mpaka goti limevimba. Kimya. Tukamwita fundi wa mtaani — watu wanamwita Njoo Kesho. Akanusa tangi, akakunja uso. Petroli imechacha, kabureta zinazoipeleka kwenye injini zimeziba. Ndiyo, ziko mbili, kila silinda na yake. Zifunguliwe, zisafishwe tundu kwa tundu. Tulipomwomba afanye yeye, akasema tuje kesho.
Basi Mama akaamua tutafungua wenyewe. Kachukua ya kushoto, mimi ya kulia. Hataki niguse yake. Kana kwamba nimeiomba.

Jumatatu, 8 Aprili
Meza ya jikoni si yangu tena. Ndani ya kabureta kuna uchafu wa kijani unaonata kama gundi. Mama kapanga vipande vyake kwenye sahani zangu za wageni. Vyangu viko kwenye kifuniko cha sufuria. Nikiwa nalegeza skrubu, springi ndogo ikaruka — pyu! Tumetambaa sakafuni mpaka chini ya jokofu. Hakuna. Mteja wangu alikuwa kwenye kigoda pale pale, anasubiri nimalizie kichwa chake. Nikammalizia huku nawaza springi, akaenda zake.

Jumanne, 9 Aprili
Mteja kapiga simu. Kuna kitu kinamchoma kisogoni tangu jana. Kaja, nimefumua mistari minne. Springi!
Mama alijikaza mbele ya mtu. Mteja alipotoka tu, akakaa chini akacheka mpaka akashika mbavu. Eti siku hizi nasuka na spea humo humo.

Alhamisi, 11 Aprili
Fundi alituonya: vitundu vya jeti, petroli inamopita, havichokonolewi kwa sindano, vitapanuka. Vipulizwe. Mimi nikatumia pampu ya baiskeli. Mama, mbishi wa kuzaliwa, akapuliza kwa mdomo. Akavuta pumzi, akajaza mashavu — meno ya bandia chubwi kwenye bakuli la petroli. Nikageukia dirishani. Mungu anajua nilivyojizuia. Kayaosha kwa sabuni weee, na bado analalamika chai ina ladha ya kituo cha mafuta.

Jioni tukazirudisha kabureta mahali pake, petroli mpya. Ikawaka! Inakohoa, inatetemeka, ila inawaka. Mama akachovya vidole kwenye maji, akarushia ekzosi zote mbili. Ya upande wake: chsss. Ya upande wangu: kimya. Baridi kama mtungi, silinda yangu haichomi kitu.
Kaenda chumbani kwake anaimba. Anajua vizuri nasikia.

Ijumaa, 12 Aprili
Nimeifungua tena yangu, nimenuna. Boya! Nililiweka juu chini. Kazi yake ni kupanda petroli ikijaa na kufunga mlango. Langu lilikuwa limefunga mlango tangu mwanzo, halijaruhusu hata tone. Nilitaka kuligeuza kimya kimya, kumbe Mama yuko nyuma yangu kashika tochi. Nikangoja maneno.
Akaniambia baba mkwe naye aliliweka hivyo hivyo mwaka wao wa kwanza, akailaumu petroli wiki nzima.
"Ukamwambia?"
"Nimwambie ili iweje? Alipotoka nikaligeuza."
Na hakuwahi kujua. Kafa anajisifu kwa watu kwamba mkono wake ulitibu ile pikipiki. Nikamuuliza kama na langu aliliona tangu jana. Akasema nifanye haraka, tochi inamchosha mkono.

Jumamosi, 13 Aprili
Chsss mbili! Lakini haitulii, ukiachia mafuta tu inazima. Njoo Kesho kaja leo bila kuitwa, udaku umemleta. Akasema kabureta moja inavuta hewa zaidi kuliko mwenzake. Mama akaweka mpira wa maji sikioni, ncha ya pili kwenye mdomo wa kabureta, mimi nageuza skrubu. Ongeza. Punguza. Nimesema punguza, hukusikia? Nikamwambia asikilize yake kwanza. Tukabishana hapo, mimi na yeye, mpaka fundi akatuomba tunyamaze. Injini ilishatulia zamani. Sisi ndio tulikuwa tunanguruma.

Jumapili, 14 Aprili
Mnunuzi kaja na pikapu na mizani. Mama kaniambia nipige kiki. Mara moja tu — ikaitika!
Mnunuzi akairudisha mizani garini mwenyewe. Akainama, akasikiliza upande huu, akasikiliza ule. Sasa hataki kilo, anataka pikipiki yenyewe, na ametaja bei iliyomkalisha shemeji kwenye ngazi. Shemeji akamsihi mama yake akubali.
"Nusu si yangu," Mama akasema. "Ni ya mke wa kaka yako. Muulizeni mwenyewe."
Wote wakanigeukia. Nikasema nipeni dakika nipige hesabu, nikachukua daftari hili. Sipigi hesabu yoyote. Injini inanguruma. Mnunuzi anaangalia saa. Mama ameshapanda, kofia ngumu kichwani, kakaa mbele na nyuma kaacha wazi, pa kukaa mimi. Sijawahi kumwona akiendesha hata baiskeli.
Shemeji anauliza hesabu imefika wapi. Nimefunua ukurasa mwingine.