Wazee Wanafukuza Kitambi

Zakaria, mzee mwenzangu wa magoti mabovu,

Nimekasirika. Nakwambia mapema usije ukadhani nakuandikia ili nilie. Kulia nililia siku ya kilio chako, tulipokuzika, basi. Leo nina hasira na walio hai.

Unajua wanasemaje? "Mzee wa umri ule, asubuhi ile, alikuwa anakimbia nini?" Walisema palepale kwenye kilio, mdomoni wana maharage ya mke wako. Na yule mkubwa wako wa ofisini akashuka kutoka kwao Kigobe, mtaa wa matajiri, na dereva wake, akamshika mjane mkono: "Mama, mutu asiye na kosa hakimbii." Loo! Nilitaka kumtupia kiti. Miaka yote unampigia barua zake kwa mashine, hakujua kwamba karani wake anakimbia kila asubuhi kabla ya kazi?

Unakumbuka siku yetu ya kwanza? Kuvrefe, ile amri ya kutotoka usiku, imeisha tu, kunapambazuka, sisi hao barabara ya Musaga, mbio, ili turudi tuoge, we uwahi ofisi na mi nifungue gereji. Kugeuka nyuma, mtaa mzima unatufuata! Mama ana godoro kichwani, baba kakumbatia mbuzi, wote wanakimbia kwa sababu sisi tunakimbia. Ukawaomba radhi huku jasho linakutoka: "Rudini, ndugu zangu, apana vita, ni kitambi tu."

Kesho yake ukaja na wimbo, kwa ile sauti yako ya breki zilizoisha: "Laleni, laleni, ni wazee wanafukuza kitambi!" Mama Daria wa uji akajibu kutoka mlangoni kwake, "Na kinawashinda!" Tangu siku hiyo hakuna tena aliyebeba godoro kwa ajili yetu.

Asubuhi ile malaria ilinilaza, ukaenda peke yako. Mama Daria ameniambia ulikuwa unaimba. Alikusikia mpaka karibu na bariyeri, pale askari wanapofunga barabara, akakujibu kama kawaida, kisha ikalia risasi. Ya nani? Hapo kila mutu anatazama chini. Bunduki hawaiulizi kitu, wanaihoji miguu yako! Na yule mama hakuna hata mmoja aliyemuuliza alisikia nini. Mutu anayekimbia kosa lake anaimba habari za kitambi chake? Wanitolee upuuzi!

Mke wangu akaficha viatu vyangu. Wateja nao gerejini: "Fundi, acha hayo, utakufa bure." Niache? Nikiacha, nimekubaliana nao kwamba ulikuwa unatoroka kitu.

Leo nimevikuta viatu chini ya gunia la makaa. Nimekimbia, Zakaria. Sikufichi, niliogopa, na karibu na bariyeri nilitaka kugeuka nirudi. Nikaimba hivyohivyo. Hakuna mlango uliofunguka. Nikarudia kwa nguvu, nikaweka na jina lako ndani. Mlango wa Mama Daria ukafunguka. "Na kinawashinda!" akajibu, analia. Wale wa maharage walichungulia madirishani. Vizuri. Wasikie.

Sasa naenda kuoga, gari la mutu linanisubiri. Nakuahidi, kila asubuhi nitapita pale ulipoangukia, na nitaimba, hata nikiwa peke yangu, hata sauti iishe.

Lala, Zakaria, lala. Ni mzee tu anafukuza kitambi.

Juma, fundi wako