Nusu Saa Niliyomnyima Nyamoita

Kisii Mjini,
9 Desemba, 1974

Mpendwa dada Wakesho,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye mvua isiyochoka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mzee wa nyumba na watoto, na kwamba huko Voi mahindi hayakukauka kama ulivyohofia. Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka, dada. Koo limekauka kwa kusema na miguu imevimba kwa kusimama wiki tatu mbele ya watu. Uliniuliza kozi yangu ya washauri ilikwendaje. Nimekawia kukujibu kwa sababu kila niliposhika kalamu nilijikuta nataka kukudanganya.

Wanafunzi walikuwa kumi na wawili: Wasabato sita kama mimi, Wakatoliki watano, na Bi Rukia, Mwislamu wa hapa mjini. Walitumwa na jumuiya zao wajifunze kukaa na watu wenye shida za ndoa, misiba na ulevi, wa dini yoyote atakayebisha hodi. Kupanga siku tu kulinitoa jasho. Jumamosi Wasabato hawaji, Jumapili Wakatoliki hawaji, Ijumaa mchana Bi Rukia yuko msikitini, na ikifika jioni yake Wasabato wameshakwenda kujiandaa kwa Sabato. Onchiri, katekista kutoka Ekerenyo, alisema tukitafuta siku ambayo Mungu haitaki tutabaki na Jumanne peke yake. Hata kinywaji kilikuwa kesi. Sisi Wasabato tunaichuma chai lakini hatuinywi, kwa hiyo zikapikwa sufuria mbili, moja ya chai na moja ya uji.

Niliwafundisha yale tuliyofundishwa mimi na wewe Nairobi: uliza kwanza, sikiliza, usimvalishe mtu dini yako. Kisha nikawasimulia kile kisa changu cha mjane wa Ikonge, kile nilichokusimulia hata wewe bwenini. Unakikumbuka: mwanamke aliyefiwa na mume mwaka wa 1969, ukoo ukataka arithiwe na shemeji yake, akaja ofisini kwangu, nikamtia moyo, akakataa na kuondoka na imani yake. Nilikitoa kama mfano wa ushauri uliofaulu. Wengine waliandika.

Wiki ya mwisho ilikuwa ya mazoezi: mmoja anakuwa mshauri, mwingine anakuwa mwenye shida. Perpetua, Mkatoliki mkimya aliyekaa siku zote karibu na dirisha, alijitolea kuwa mwenye shida, na Bi Rukia akawa mshauri. Nilitarajia kisa cha kubuni. Perpetua akasema yeye ni mjane mwenye watoto watatu. Shemeji yake, Obadiah, alikuwa mtu mpole, na wao wawili walikuwa wameshaelewana. Akaenda kwa mshauri mmoja wa serikali. Mshauri hakuuliza yeye ni wa kanisa gani wala amefuata nini. Alifungua Biblia, akasoma, akaomba, akamwambia kurithiwa ni dhambi na aondoke katika boma lile. Akaondoka. Baba mkwe akakataa kuwatoa watoto, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walikuwa wamelipwa. Sasa ni miaka mitano analala jikoni kwa kaka yake huko Ekerenyo. Akikutana na bintiye mdogo sokoni Ikonge, mtoto humpa mkono kama anavyompa mgeni.

Bi Rukia hakusoma aya yoyote. Aliuliza tu, "Siku ile, mama, ulikuwa umekwenda kutafuta nini?"

"Nilitaka mtu wa kunisindikiza kwa padri," Perpetua akajibu. "Nilikuwa ninamwogopa. Hayo mengine nilikuwa nimeshayaamua."

Dada, kutoka ile ofisi yangu hadi misheni kwa padri ni mwendo wa nusu saa.

Nilikuwa nimeshamtambua. Mwaka ule alijitaja kwa jina la Nyamoita, na uso wake ulikuwa umejaa. Nilifunga darasa mapema, nikasema kichwa kinaniuma, na kweli kilikuwa kinaniuma. Nilimkuta barazani akingoja mvua ipungue, nikamwuliza kwa nini alikuja kwenye kozi yangu.

"Sikuja kukuaibisha, mwalimu," akasema. "Nilisikia unafundisha wengine. Nikataka kujua unawafundisha nini."

Alhamisi tulikwenda pamoja Ikonge, kwa ombi lake. Baba mkwe wake, mzee Nyangau, ndiyo kwanza alikuwa amerudi kupeleka majani kwenye kituo cha chai. Alimtazama Nyamoita, akamwita mokamwana, jina tunalompa mke wa mwana, akamwuliza nani alimfukuza hapa hata akakaa miaka mitano bila kurudi. Nyamoita akanigeukia. Mimi nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yote yakanipotea.

"Ni mimi, baba," nikasema. "Mimi ndiye niliyemtoa."

Mzee hakunifokea. Angenifokea ingekuwa nafuu. Alisema Obadiah ameshahamia Sotik na mkewe, nyumba ya Nyamoita imeanguka, ila kiwanja bado ni chake, na watoto waulizwe wenyewe, maana nao hakuna aliyewahi kuwauliza. Wakubwa wawili walikubali kwenda Ekerenyo kukaa na mama yao Krismasi. Mdogo alijificha nyuma ya bibi yake. Hatukumlazimisha.

Siku ya kufunga kozi niliwaeleza wanafunzi wote, Nyamoita akiwa ameniruhusu. Onchiri aliuliza kama bado ninastahili kutia sahihi vyeti vyao. Lilikuwa swali la haki. Nilitia sahihi kwa sababu jasho lilikuwa lao, si langu. Wakubwa wangu wanataka kozi nyingine mwezi wa pili. Nimewaandikia kwamba nitakubali endapo Bi Rukia atafundisha pamoja nami. Bado hawajajibu.

Sasa nakuomba jambo moja. Najua kisa kile ulikiandika katika daftari lako na unawasimulia akina mama huko kwenu. Usikisimulie tena kama nilivyokupa. Ukikisimulia, kifikishe mpaka hapa.

Njiani tukirudi kutoka Ikonge nilimwomba Nyamoita msamaha. Alisema amesikia. Hajasema zaidi ya hapo, nami simharakishi.

Nisalimie mzee, nibusie watoto kila mmoja kwa jina lake, na mama mkwe umwambie dawa ya miguu nitaituma. Ukipata nafasi niandikie, hata mistari miwili.

Ni mimi dada yako,
Persis Gesare