Kikombe Nilichokikataa Ulyankulu

Ng'ambo,
Tabora.
14 Julai 2024.

Mpendwa kaka Luhende,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje, na upepo wa Lindi unakupokeaje? Huku tu wazima, ila vumbi la kiangazi limenikaba kifua.

Ulinituma Ulyankulu na mwanao Masolwa nikawaone wazazi wa Koleta, binti anayetaka kumwoa, nikuambie kama wanatufaa. Nimekwenda. Soma hadi mwisho kabla hujanipigia simu.

Unanijua, tahadhari kabla ya athari. Watu wenye asili ya Burundi, Wakatoliki wa rozari shingoni, nitajuaje wanapika nini? Nikafunga chapati zangu na chupa ya chai. Ndani ya basi mlokole mmoja alihubiri tangu stendi. Alipotuombea safari njema wote wakaitikia amina, wafugaji wa Kisukuma, masista, hata mwanao, mtoto wa Kiislamu! Nikamtupia jicho. Ameanza lini?

Walitupokea kwa kutukumbatia, tena kwa muda mrefu. Wema wa namna hiyo hunitia shaka. Nikauliza kuku kachinjwa na nani. Akaitwa mzee Sudi, jirani yao Muislamu, nikamhoji hadi akaanza kucheka. Sijui alikuwa anacheka nini.

Kisha Demetria, mama wa binti, akaleta kikombe cha juisi ya ndizi. Akanywa yeye kwanza, ndipo akanipa kile kile. Kaka, nilipandwa na hasira! Mgeni anapewa makombo? Tena huenda ni pombe, au dawa ya kunilegeza nikubali kila kitu. Nikakiweka chini, nikamimina chai yangu.

Koleta akainamisha kichwa, machozi yakimdondoka. Mzee Sudi akaninong'oneza, "Mama, kwa hawa mwenyeji huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Ukikataa baada ya hapo, umewaita wachawi mbele ya mtoto wao."

Niliona aibu, kaka, aibu ya kweli. Nikakichukua kile kikombe nikanywa chote. Juisi ilikuwa tamu, wala haikuwa pombe. Nikaomba radhi. Baba wa binti, mzee Nizigiyimana, akasema yamekwisha. Demetria alisubiri hadi tulipokuwa tunaaga.

"Mama Hafsa," akaniuliza kwa upole, "binti yangu akija kwenu, chakula atakachopika mtakila?"

Nikajibu tutakila. Sidhani kama aliniamini. Ningekuwa yeye, nisingeniamini.

Tangu hapo hawajatoa jibu. Masolwa anakula peke yake chumbani na hanisemeshi, shangazi yake niliyemlea. Maji ya kisima chao bado nina wasiwasi nayo, siwezi kukudanganya, lakini watu wale ni watu wazuri na binti ana adabu. Mimi nimekubali, tena kwa moyo wote.

Msalimie sana wifi Kabula, na umbusu mtoto Ngollo. Mwenyezi Mungu awahifadhi nyote, na ailainishe mioyo ya watu wa Ulyankulu.

Kaka, panda gari uje uwaombe mwenyewe. Wakiniona mimi, binti hawamtoi.

Mdogo wako akupendaye, hata ukinikasirikia,
Hafsa