Ujumbe wa Mama Mlangoni

Nyumbani,
Jumapili asubuhi.

Mwanangu mpendwa,

Salamu hizi zikukute u mzima, umekaa, na mikono yako haina kazi. Hilo la kukaa nakuomba ulitimize kwanza, ndipo uendelee kusoma. Sisi huku tunaendelea. Magoti yangu yanazilalamikia ngazi na macho yanadai miwani mipya, lakini kichwa bado ni changu. Kaka yako na mkewe ni wazima. Shangazi yako bado anabishana na kila mtu, kwa hiyo tunajua kwamba hajambo. Je, wewe? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi kimetulia? Na hiyo kazi ya kufua mashuka ya hoteli, haikuharibu mikono?

Barua hii nimempa dereva wa lori letu la mizigo, naye ameahidi kukukabidhi mwenyewe. Ningeweza kukupigia simu, kwa kuwa sasa namba yako ninayo. Sikupiga, kwa sababu yapo maneno ambayo mtu hapaswi kuambiwa akiwa amesimama katikati ya mvuke wa nguo, kisha simu ikakatika.

Neno lenyewe ni hili: mama yako hatunaye. Alifariki mwaka jana, mvua zilipokuwa zikianza, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Tulikutafuta. Namba yako ya zamani ilikuwa haipatikani, tukatangaza redioni, kaka yako akaenda kuuliza kwa kila rafiki yako aliyemkumbuka. Tukamzika bila wewe. Sikuandiki haya ili nikulaumu. Nakuandikia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Najua sasa umeishika simu yako. Unautazama ule ujumbe uliokuita nyumbani, na unauliza: kama mama alifariki mwaka jana, ni nani aliyeniandikia mwezi uliopita? Nitakujibu. Lakini niache nijibu kwa mpangilio, maana nikianzia mwisho utanihukumu kabla hujajua kosa.

Baada ya maziko wateja wa duka letu la vyombo vya nyumbani walianza kupungua. Sufuria zilikuwa zile zile, mapazia yale yale, na bei haikupanda. Aliyekuwa akiwaita watu waingie ndiye hakuwepo. Kaka yako akamleta fundi wa mtandao, mtu mpole mwenye ngazi yake mwenyewe, akafunga darini vidude vyenye taa za kijani, hapa dukani na katika lile duka letu la pili, huko mjini unakoishi. Wakaniambia kwamba hiyo ni waifai ya wageni. Mteja anaunganisha simu yake bure, ila kwanza anaandika jina na namba, na kukubali kutumiwa habari za duka. Kuanzia hapo, kila simu hiyo ipitapo mlangoni, mtambo unaitambua na kuitumia salamu. Isipoonekana kwa miezi kadhaa, mtambo unaiandikia kuiita. Nilimwambia fundi kwamba kwa lugha yangu jambo hilo linaitwa kuvizia. Akanijibu kwa adabu kwamba kwa lugha yake linaitwa kumjali mteja. Tukaliacha hapo.

Siku ya kuujaribu mtambo, fundi aliomba simu yoyote iliyo karibu. Kaka yako akafungua droo ya kaunta akampa ya mama yako. Huwa imechomekwa humo kwenye chaji, kwa sababu wapo watu wa mbali ambao bado huipiga wakitaka bidhaa. Kwa hiyo mgeni wa kwanza kuandikishwa katika waifai yetu ni yeye. Hakuna aliyelitafakari jambo hilo siku ile. Tulishangilia taa tu.

Kuyaandika maneno ya mtambo nikapewa mimi, kwani vijana wa dukani walikuwa wameandika mambo ambayo sitayanukuu. Nikakaa nikaandika kwa ufasaha wa mwalimu: mpendwa mteja, tunauthamini uaminifu wako, tunakukaribisha tena. Sentensi zilikuwa timamu. Hakuja mtu. Unamkumbuka keshia wetu, yule tunayemwita Kicheko? Aliusoma ujumbe wangu kwa sauti, akaniangalia, akasema, "Mwalimu, unisamehe, lakini hii inasomeka kama barua ya kumfukuza mtu kazi."

Nilikasirika, kisha nikaona kwamba amesema kweli. Nikajiuliza ni nani kati yetu aliyewahi kujua kumwita mtu. Unajua jibu. Mara ngapi umemsikia akimpazia sauti mtu anayepita zake barabarani? Nikachukua kalamu nikaandika kama mama yako alivyokuwa akisema, neno kwa neno, nami sikusahihisha chochote. Kwa wateja waliopotea niliandika: "Umepotelea wapi wewe, mwanangu? Mimi niko hapa hapa mlangoni. Njoo, hata kama huna la kununua, njoo tu tuonane." Kwa wanaoingia niliandika: "Karibu. Niko hapa hapa mlangoni." Chini ya kila ujumbe nikaweka Mama Mlangoni, jina ambalo wateja walikuwa wamempa.

Watu wakarudi, mwanangu. Wakarudi, lakini sivyo alivyotazamia kaka yako. Fundi wa magodoro, rafiki wa mama yako wa siku nyingi, aliyesaidia hata kumbeba siku ya maziko, aliingia ameinyoosha simu mbele yake kama mtu aliyeshika kaa la moto. Akauliza ni nani anayewatumia watu salamu za marehemu. Kicheko akamweleza habari za mtambo. Yule mzee akasikiliza hadi mwisho, akaomba maji, akanywa, na alipokuwa akiondoka akanishika mkono akaniomba tusiache. Mama mmoja muuza mboga alifika hadi kizingitini, simu yake ikalia, akasoma, akageuka akaondoka bila kuvuka. Mwingine alinunua beseni asilolihitaji, kisha akakaa nalo kifuani akikitazama kile kiti.

Kiti hicho ni chake, cha mbao, chenye mto wa buluu. Kipo mlangoni alipokiacha. Hakuna anayekikalia na hakuna aliyekatazwa. Anayepiga deki hukizunguka. Wafanyakazi wakaanza kukiamkia asubuhi, mwanzoni kwa mzaha, na baadaye bila mzaha. Kicheko, ambaye cheko lake lilikuwa likisikika hadi duka la jirani, siku hizi huingia kimya hadi akipite kile kiti, ndipo aanze. Nilimuuliza kulikoni. Akasema haogopi, ila si vizuri kumpigia mtu kelele sikioni.

Siku moja fundi alikuja kuukagua mtambo akatuita tutazame. Katika orodha ya wageni waliomo dukani palikuwa na mmoja asiyetoka. Wengine huingia wakatoka. Huyu yumo mchana, yumo usiku, yumo hata siku ya mapumziko milango ikiwa na makufuli. Fundi akasema, "Mgeni wenu huyu hana kwao?" Kisha akalisoma jina la mama yako. Akaeleza kwamba ni ile simu ya kwenye droo, kwamba ni jambo dogo, kwamba anaweza kuifuta mara moja. Kaka yako akasema, "Mwache." Nadhani alikusudia simu. Hakuna aliyemuuliza.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Mtambo haujui kufa. Unajua kuingia na kutoka tu, na kwa hesabu yake mama yako hajatoka. Kwa hiyo ule ujumbe wa kuwaita waliopotea haujawahi kumwendea, wala hautamwendea. Yeye ndiye aliye nyumbani. Waliopotea ni sisi wengine.

Sasa nafika kwako. Kumbe siku moja uliingia katika duka letu la pili. Wahudumu wa kule ni wapya, hawakujui, nawe hukumuuliza mtu. Sijui ulifuata nini. Huenda ulitaka tu kuinusa harufu ya sabuni na mabeseni mapya. Ukaunganisha simu, ukaandika lile jina tulilokuita ulipokuwa mdogo. Kisha hukurudi, na miezi ilipotimia mtambo ukakuita kama unavyowaita wote. Huo ujumbe wa kwanza sikukutumia mimi. Sikujua kwamba umo katika orodha. Naapa kwa hilo.

Majibu ya wateja huingia katika simu ya duka, anayoishika Kicheko. Siku jibu lako lilipoingia, Kicheko alikuwa amekwenda kula, nami nilikuwa nimekaa kwenye kaunta. Nikasoma: "Mama, ni mimi. Hata mimi unaniita?"

Siku ile ulipoondoka nyumbani, nilikuwa nimesimama pale pale kwenye kaunta. Nilisikia ukimwambia kwamba hutamaliza ujana wako ukiwaita watu waje kununua sufuria. Nilisikia naye akikujibu: "Ukikivuka kizingiti hicho leo, usikivuke tena." Ukakivuka. Yeye hakuwa mtu wa kulitengua neno lake, na wewe ni mtoto wake.

Wajibu wangu ulikuwa dhahiri. Nilipaswa kuandika: mwanangu, huyu ni baba yako, mama yako amefariki. Maisha yangu yote nimewafundisha watu kwamba mtu asitie maneno katika kinywa cha mwingine. Nikaishika ile simu, nikamtazama mtu aliyekuwa akichagua vikombe, nikakitazama kiti. Nikaandika: "Hata wewe. Njoo."

Sikuweka jina. Nilijidanganya kwamba kwa kutoweka jina sikusema uongo. Lakini wewe hukuuliza jina, ulikuwa umekwisha kumwita. Hilo ndilo kosa langu, nami silipunguzi: nilikujibu kama mama yako, naye akiwa kaburini. Nilitaka uje. Niliogopa kwamba ukijua hayupo hutakuwa na sababu ya kuja.

Ukaandika tena, ukaeleza unakofanya kazi, na kwamba umeomba ruhusa, utafika mwisho wa mwezi. Ningeweza kuendelea kunyamaza hadi ufike. Kisha ukauliza: "Miguu bado inakuvimba? Nimekuchagulia viatu vya wazi, laini. Bado unavaa namba ile ile?"

Swali hilo sikuliweza. Niliiweka simu chini, sikuigusa tena. Jana nilimweleza kaka yako yote. Hakunigombeza. Alitoka akaenda kukifuta kile kiti vumbi, akakifuta kwa muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo.

Sasa kuna jambo unalostahili kulijua, nami nitalisema kwa uangalifu, maana sitaki kumsemea marehemu mara ya pili. Sikuwahi kumsikia akisema kwamba amekusamehe. Hakusema kwangu, wala kwa kaka yako, wala kwa shangazi yako aliyekuwa akimchokoza makusudi ili aseme. Ninachoweza kukupa ni nilichokiona tu. Wewe ulimwacha akikaa nyuma, kwenye kaunta, mahali alipokaa miaka yote akiwapazia watu sauti kutoka huko ndani. Wiki ile ile uliyoondoka alikibeba kiti chake mwenyewe, miguu ikiwa imevimba hivyo hivyo, akakiweka mlangoni, kikitazama barabara. Nilimuuliza anataka nini huko kwenye jua na vumbi. Akasema anataka hewa. Hakurudi kwenye kaunta tena. Jina la Mama Mlangoni hulijui kwa sababu hiyo: alipewa baada ya wewe kuondoka.

Na alipokuwa amelala, siku za mwisho, alikuwa akiuliza jambo moja kila jioni: nani yupo mlangoni? Tulimwambia kwamba ni kaka yako. Akasema, "Basi asifunge mapema."

Nimeyaandika kama yalivyo. Maana yake uitafute mwenyewe. Wewe ulimjua kwa namna ambayo sisi hatukumjua.

Tarehe uliyoitaja tunaishikilia. Ukichelewa, tutangoja. Ukija kwa hasira, njoo nayo, nyumba ina nafasi. Usipokuja, nitajua kwamba nimekupoteza kwa mkono wangu mwenyewe, nami sitakutumia ujumbe mwingine kwa jina la mtu yeyote. Viatu, kama umekwisha kuvinunua, usivirudishe dukani. Alivaa namba ile ile hadi mwisho.

Simu yake bado ipo kwenye droo, inawaka. Fundi yuko tayari kulifuta jina, na kaka yako amesema uamuzi si wake tena, ni wako. Hatutaizima kabla hujafika. Utakapokivuka kizingiti, simu yako italia, na utasoma kwamba mama yako yupo hapa hapa mlangoni. Safari hii utakuwa unajua ni mwandiko wa nani. Mwandishi wake atakuwa amesimama kando ya kiti.

Wote wa hapa wanakusalimu, mmoja mmoja. Kicheko anasema ukija atacheka kama zamani, mlangoni pale pale. Uitunze mikono yako, na ufunike kifua.

Ni mimi,
baba yako.