Kasuku Wangu Anadhani Tumeoana

Jumamosi, jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi na ziwa halionekani kutoka dirishani, ni ukungu na mawe tu. Kidole changu cha shahada kimefungwa bandeji, kwa hiyo naandika kwa gumba. Makosa yatakuwepo.

Limbu kaning'ata tena.

Limbu ni kasuku, wa kijivu, mkia mwekundu. Tunaishi wawili tu hapa Nyegezi tangu mume wangu afariki na binti yangu aolewe Dodoma. Alikuwa ndege mpole, nikishona anasinzia begani kwangu. Mvua zilipoanza akageuka mtu mwingine. Nikipita karibu na kizimba anatutumua manyoya, nikinyoosha mkono anauvamia. Juzi mteja alikuja kupima gauni, Limbu akamrukia usoni. Mama wa watu kaondoka na pini zikiwa bado kiunoni.

Dada yangu wa Nansio kasema nimpelekee, kuna watu kule watamchukua. "Utang'olewa jicho na ndege, halafu sisi tujibu nini kwa watu?" Ndivyo alivyo, hana maneno laini.

Nilishaanza kuwaza kwamba kuna jicho la husuda la mtu limetupata. Aibu, lakini ndiyo kweli.

Leo daktari wa mifugo kutoka Misungwi alikuja kwa jirani kutibu ng'ombe, nikamwomba apite kwangu. Akauliza Limbu anakula nini. Nikamweleza kwa maringo kabisa: kila jioni naloweka matobolwa kwenye maji ya moto, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, yakilainika natafuna kidogo kama bibi zetu walivyowatafunia watoto, namlisha mdomo kwa mdomo yakiwa na joto. Kisha nampapasa mgongo mpaka anasinzia. Na chini ya cherehani nimemwekea boksi lenye mabaki ya vitambaa, anajificha humo anachanachana.

Daktari akavua miwani.

"Mama, kasuku wakiwa wenza ndivyo wanavyolishana. Na mgongo anashikwa na mwenzake tu. Umemposa mwenyewe, nyumba umempa, sasa analinda ndoa yake."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka sana. Akanieleza kuwa ni homoni, mwili wake unamwambia wakati wa kuzaa umefika, na mimi kila jioni nauambia ndiyo. Boksi litoke. Chakula cha moto basi. Nikitaka kumgusa, nimkune kichwani tu, na kwa sasa hata hapo nipaache. Giza likianza kuingia nimfunike, alale usiku mzima.

Akaenda zake kwa ng'ombe. Nikainama kutoa lile boksi, nikalia.

Sikulilia boksi. Ule mgongo ndio kitu pekee chenye joto ninachokigusa ndani ya nyumba hii. Wateja nawapima kwa futi, geuka mama, inua mkono, hiyo ni kazi. Kanisani tunapeana mikono, kila mtu anawahi kwake. Mjane anaambiwa Mungu atakutia nguvu, na kweli ananitia. Lakini mikono yangu ina njaa, na sijawahi kumwambia mtu.

Nikawaza niendelee kimyakimya, aning'ate tu, mradi kabla ya kuning'ata anaegemea kiganja changu. Nani atajua?

Ila nilimwangalia pale chini ya cherehani, anazunguka, anatafuta boksi lake, anakwaruza sakafu. Anateseka jamani. Analinda kiota ambacho hakitapata yai hata siku moja, na aliyemtia moyo huo ni mimi. Nikimpeleka Nansio nitakuwa nimemfukuza kwa kosa langu. Nikaamua abaki, na mikono yangu ikae mbali naye.

Saa kumi na mbili na nusu, aliporudi kizimbani, nimemfunika kwa khanga. Watoto wa jirani walikuwa bado wanacheza nje kwenye madimbwi. Limbu akaniita kutoka ndani ya khanga, "Njoo. Njoo hapa," kwa ile sauti ya kubembeleza aliyoiiga kwangu. Sikwenda. Nimekaa huku jikoni na jioni nzima mbele yangu, sina wa kumlisha.

Daktari kasema akiachwa hivi, wiki chache zijazo atatulia.

Mimi nitatulia lini, sikumuuliza.