Vipande Vinne vya Mninga

Katindiuka, Ifakara
Jumapili, 18 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na mguu uwe umepungua kuvimba tangu upate zile dawa. Huku nyumbani tuna afya. Mama hajambo, kila asubuhi yuko shambani anapalilia mpunga. Noela ameota meno mawili ya mbele na anamwonyesha kila anayepita. Mvua imeanza kwa fujo, njia ya Michenga imekatika mara mbili wiki hii. Matokeo ya kidato cha nne bado hayajatoka.

Utashangaa kupata barua wakati jana tumeongea kwa simu. Simu ilikuwa mkononi mwa mama, na alikuwa ameshaniambia kwamba usiambiwe kitu mpaka jambo litulie. Na mimi unanijua, nilisema hatujambo, nikanyamaza. Barua nampa Mwalimu Elineema, anarudi huko kazini kwenu kesho.

Kwanza nikueleze kuhusu shelfu yako. Ulipomwomba Fundi Hilary aje kuitengeneza hapahapa nyumbani, ili ienee ule ukuta wa sebuleni, alikuja siku hiyohiyo. Alitoa vitabu vyako kwenye maboksi, akakuta mchwa wameshakula boksi la chini, akasikitika kama vile ni vyake. Alichukua ile atlasi yako kubwa, akaipima urefu, akasema rafu ya chini itafuata atlasi na za juu zitafuata vitabu vya kawaida. Alileta mbao nne za mninga kwa toroli. Nyingine nne za mzigo uleule alibaki nazo kwake.

Alinikuta nimekaa tu, akaniuliza kama nimemaliza shule ili nilinde kuku. Akanipa msasa. Siku ya tatu akanipa randa. Baba, nilifurahi sana. Fundi hasemi sana na mimi pia sisemi, kwa hiyo tulielewana. Alikuwa akiniita Binti Mwalimu, na nikikosea kipimo anasema hesabu za baba yako zimeishia njiani. Jambo moja tu alilisema mara mbili: miisho ya mbao yenye alama nisiiguse, ataikata yeye siku ya mwisho kabisa. Hakusema kwa nini, nami sikuuliza.

Siku hizohizo mambo yalianza kubadilika mtaani. Kuna magogo yalikamatwa kule milimani juu ya Sanje, na watu wa misitu wakaanza kupita karakana moja baada ya nyingine. Kila gari likipunguza mwendo barabarani, Fundi alikuwa anasimamisha randa na kusikiliza. Jirani yetu Mzee Valentino alibomoa kitanda kipya akakifukia chini ya pumba za mpunga. Mama alicheka, Fundi hakucheka. Alisema yeye ana stakabadhi na mbao zake zimegongwa alama, hana cha kufukia, lakini niliona anaitazama barabara kuliko anavyoitazama kazi.

Walikuja Ijumaa saa nne asubuhi, wanaume watatu na mgambo. Walikuwa wametoka kwa Fundi. Kule walikuta mbao nne, zote zina alama ya nyundo ya misitu kwenye mwisho wake, ile herufi na namba inayogongwa kuonyesha kwamba mti ulivunwa kwa kibali. Stakabadhi ilisema mbao nane. Wakauliza nyingine nne ziko wapi, akawaleta mwenyewe hapa kwetu.

Shelfu ilikuwa imesimama, imebaki kupigwa msasa na vanishi. Walipapasa kila mwisho wa mbao kwa vidole. Hakukuwa na alama hata moja. Mkubwa wao, mtu mpole kwa sauti, alimwambia Fundi kwamba anaujua mchezo huu: unanunua nane halali, unaziuza, kisha kwa stakabadhi ileile unafunika mbao za wizi. Fundi akajibu kwamba miisho aliikata mwenyewe, alisahau. Wakacheka. Mmoja akamuuliza, mzee, umeranda mbao miaka ishirini, leo ndiyo umesahau? Fundi akasema ndiyo, uzee huo.

Mkubwa alinigeukia akaniuliza, binti, wewe umeona nini? Fundi akajibu haraka kabla yangu kwamba mimi ni mtoto wa nyumba tu, sijui chochote. Walipokuwa wanamtoa aliniambia nisiache kupiga msasa, rafu ya chini bado inachoma mikono. Alisema hivyo tu.

Tangu siku hiyo yuko mahabusu. Kesho Jumatatu saa tatu anapelekwa mahakamani, na watu wanasema kosa hilo linaweza kumfunga miaka. Mama Restuta, mke wake, anapita hapa asubuhi na jioni akitoka kumpelekea chakula. Anakaa kwenye kile kigoda cha Fundi, bakuli mapajani, anaitazama shelfu. Hatulaumu. Jana alisema Fundi anakohoa na sakafu ya kule ina maji, kisha akaniuliza kama nimekula. Ningependa anitukane.

Baba, miisho ile niliikata mimi.

Ilikuwa Jumanne. Fundi alikuwa ameenda msibani Sanje. Niliona kazi imebaki kidogo, na ile miisho michafu yenye makwaruzo inaharibu uzuri. Nilidhani alinikataza kwa sababu haamini mkono wangu. Nikachukua skwea, nikapiga mstari, nikaikata yote minne. Ilinyooka kabisa. Vipande nikavipeleka jikoni nikapikia wali, na moshi wa mninga ulinukia vizuri mpaka mama akauliza ni kuni gani.

Aliporudi aliipapasa ile miisho. Hakunigombeza. Aliuliza vipande viko wapi, nikasema nimepikia. Akauliza, vyote? Nikasema vyote. Ndipo akanieleza ile alama ni ya nini, akakaa kwenye kigoda akashika magoti.

Lakini havikuwa vyote. Kimoja, chenye alama yake, nilikuwa nimekiweka dirishani chumbani kwangu kuzuia upepo usilifunge dirisha. Nilikikumbuka jioni, Fundi ameshaondoka. Niliona aibu kurudi kumwambia kwamba nilimjibu uongo. Nikasema kesho, na kesho yake nikasema kesho. Ijumaa, wale watu walipokuwa sebuleni wanamcheka, kipande kilikuwa nyuma ya pazia, hatua nne kutoka waliposimama. Nilikuwa nakifikiria muda wote. Nikaendelea kunyamaza.

Leo baada ya misa nilimwambia mama. Alilia, kisha akasema nikitupe chooni, kwa kuwa wakijua tuliwaficha watatubeba sisi. Simlaumu, ana Noela mgongoni. Sikukitupa. Mama alipoenda shambani nilikipeleka kwenye shelfu nikakilinganisha na kila mwisho wa mbao. Kwenye rafu ya chini, ile ya atlasi, mistari ya mti ilikutana yote, na kile kifundo cheusi kilichokatwa katikati kilirudi kuwa duara.

Nimeifungua mbao hiyo. Ni nzito lakini naiweza. Kesho saa kumi na mbili asubuhi naipeleka kwa mkubwa wa wale watu wa misitu, pamoja na kipande. Nimefanya mazoezi ya maneno ya kusema, ni machache: nimekata mimi, hiki hapa. Sijui kama mbao moja itatosha kuzisemea nyingine tatu. Sijui pia kama nitarudi nyumbani siku hiyohiyo. Barua hii ikikufikia, majibu yatakuwa yameshapatikana. Ukipiga simu, mama atakwambia mimi niko wapi.

Vitabu vyako nimevirudisha kwenye maboksi na kuvipandisha juu ya matofali, mchwa wasivifikie. Atlasi haikuenea, iko kitandani kwangu.

Nisalimie walimu wenzako na yule mama anayekupikia. Mama na Noela wanakusalimu, ingawa hawajui kwamba nimeandika. Nisamehe, baba, na ukiweza umwombee Fundi kabla yangu.

Mimi mwanao,
Justa